Kuyaweka jukwaani maisha ya ndugu wa Brontë: mwongozo kwa vikundi vya maigizo Mtwara na Lindi

Mchezo kuhusu Charlotte, Emily na Anne Brontë, dada watatu waandishi wa Uingereza wa karne ya 19, pamoja na ndugu yao wa kiume, Branwell, unavifaa vikundi vyetu vya Kusini. Karibu kila tukio lake hutokea ndani ya nyumba moja, kuizunguka meza moja. Hauhitaji kasri wala farasi. Waigizaji saba wanautosha, na jukwaa la mita 6 kwa 5 linautosha. Kinachouangusha ni kikundi kutaka kujenga Uingereza jukwaani kwa mawigi, poda nyeupe na lafudhi za puani. Jengeni nyumba: watoto wanne waliotunga pamoja tangu wadogo, wakaendelea kutunga hadi kifo kilipowatenganisha. Nyumba hiyo ikiaminika, hakuna mtu Mtwara wala Lindi atakayeuliza mbona Charlotte ana ngozi nyeusi.

Hesabu za humu ni za kikundi cha watu 12 (waigizaji 7 na watu 5 wa nyuma ya jukwaa), mazoezi ya wiki 8, na mchezo wa dakika 95.

Mambo ya kuyashika kabla ya kuandika

Baba, Patrick Brontë, alikuwa mchungaji wa Kianglikana mzaliwa wa Ireland. Alihamia Haworth, mji mdogo juu ya kilima huko Yorkshire, mwaka 1820. Mke wake Maria alifariki 1821 akiacha watoto sita. Wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki 1825 baada ya kuugua kifua kikuu shuleni. Wakabaki Charlotte (aliyezaliwa 1816), Branwell (1817), Emily (1818) na Anne (1820). Dada mkubwa wa marehemu mama yao alikuja kuwalea, akakaa nao mpaka alipofariki 1842. Waigizaji wamwite Mama Mkubwa. Mkimwita Shangazi, hadhira yetu itamhesabu upande wa baba, na ukoo wote utavurugika kichwani mwao.

Haworth haikuwa mahali pa afya. Ripoti ya serikali ya 1850 ilieleza maji ya visima yaliyochafuka, makaburi yaliyojaa karibu na nyumba, na watoto 41 katika kila 100 wakifa kabla ya kufikisha miaka sita. Waigizaji waijue ripoti hiyo. Bila hiyo vifo vya mwisho wa mchezo huonekana kama mkosi wa familia moja, wakati vilikuwa hali ya mji mzima.

Jambo la tatu ni la siri. Mwaka 1846 akina dada watatu walichapisha mashairi kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, majina yasiyoonyesha wazi kuwa ni ya wanawake, kila mmoja akibakiza herufi zake za mwanzo. Mwaka uliofuata zikatoka riwaya tatu kwa majina hayo hayo: Jane Eyre ya Charlotte mwezi Oktoba, kisha Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne mwezi Desemba. Baba alifichwa hadi kitabu cha Charlotte kilipokwisha kupata sifa. Branwell, kwa maandishi ya Charlotte mwenyewe, hakujua kamwe dada zake walichokifanya. Hapo ndipo penye mvutano wa mchezo mzima: mtu anaishi nyumba moja na waandishi watatu, yeye mwenyewe anajiona ndiye mwandishi wa nyumba, na hajui. Mkimwambia, hata kwa mzaha, mmeua mchezo.

Mswada

Maisha yao ni historia, na kazi zao hazina tena mwenye hakimiliki, kwa hiyo mnaruhusiwa kutunga mchezo wenu na kunukuu mashairi yao mkiyatafsiri wenyewe. Michezo iliyoandikwa na watu wa leo kuhusu familia hiyo ni habari nyingine: hiyo ina wenyewe, na kuitafsiri bila idhini ya maandishi ni wizi, hata kama kiingilio ni bure. Tafsiri ya riwaya iliyochapishwa hivi karibuni nayo ina haki zake.

Ukurasa mmoja wa A4 wenye majibizano, herufi za ukubwa wa 12, huchukua jukwaani dakika moja na nusu hadi mbili. Kurasa 50 hadi 55 zinatosha. Mpangilio unaobeba vizuri ni huu wa maonyesho tisa:

1. Juni 1826: baba analeta kutoka Leeds askari 12 wa mbao (dakika 12).
2. Karibu 1834: Branwell anachora picha ya dada zake (dakika 8).
3. 1837: Charlotte anapata jibu la mshairi Robert Southey (dakika 10).
4. 1845: Branwell amefukuzwa kazi, Charlotte anagundua mashairi ya Emily (dakika 12).
5. 1846: majina ya kubuni (dakika 10).
6. 1847: vitabu vinatoka, baba anaambiwa (dakika 10).
7. Julai 1848: Charlotte na Anne wanakwenda London (dakika 12).
8. Septemba 1848 hadi Mei 1849: vifo vitatu (dakika 15).
9. Charlotte peke yake (dakika 6).

Pumzisheni hadhira dakika 15 baada ya onyesho la tano. Kipindi cha Charlotte na Emily kusoma Brussels mwaka 1842 kinavutia sana, lakini kinadai mahali pengine na watu wengine. Kitajeni kwa barua moja, mpite.

Onyesho la kwanza lifikirieni kwa muda mrefu kuliko mengine. Kila mtoto alijitwalia askari wake na kumpa jina: Charlotte wake akawa Duke wa Wellington, Branwell wake Bonaparte. Kutokana na askari hao walibuni nchi nzima, wakaiweka pwani ya Afrika Magharibi, bara ambalo hakuna kati yao aliyepata kuliona. Msilifiche hilo. Mwigizaji wa Mtwara akiigiza mtoto wa Yorkshire anayejifanya yuko Afrika anaibua jambo ambalo kikundi cha Ulaya hakiwezi kuliibua kamwe. Waacheni watoto watawale nchi yao ya kubuni kwa dhati, kwa sauti kubwa, bila kuikejeli wala kuihubiria. Hadhira itaona yenyewe. Sehemu hii ichezwe na watu wazima wale wale. Msilete watoto halisi, kwa maana thamani yake ni kuwaona watu hao hao wanne wakikua mbele ya macho.

Lugha iwe Kiswahili cha nyumbani, sentensi fupi. Kosa linalojirudia ni kuwapa waandishi maarufu maneno ya kiandishi wakiwa wanamenya viazi. Emily aliuoka mkate wa nyumba hiyo; mwandikieni maneno ya mtu mwenye unga mikononi. Mashairi yabaki kwenye mashairi, na yatafsiriwe kwa vina na mizani yetu, kwa sababu hadhira ya pwani husikia mara moja shairi lililovunjika.

Vibali na tarehe

Kikundi kiwe kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Mchezo wenyewe unagusa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, inayotaka kibali kabla ya kuonyesha kwa umma. Mlango wa kuanzia ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu. Mpelekeeni mswada kamili, siyo muhtasari, wiki 6 kabla. Mswada ukipelekwa nusu, maswali huwa mengi na siku zinakwisha. Kwa onyesho la usiku, polisi nao wapewe taarifa kwa barua.

Tarehe nzuri zaidi ni Oktoba. Septemba kumbi za shule huwa na mtihani wa darasa la saba, Novemba kidato cha nne. Oktoba minada ya korosho inaanza, watu wana fedha mkononi. Mvua za kwetu kwa kawaida huanza kushika Novemba au Desemba, na mvua juu ya paa la bati humeza sauti ya mwigizaji yeyote, hata aliyefunzwa. Vijijini Oktoba wakulima bado wako mashambani kuokota korosho, basi huko nendeni Jumamosi, mkianza saa 9 na nusu alasiri ili watu wawahi kurudi. Mjini, jua linazama karibu na saa 12 na dakika 10. Subirini sala ya Isha iishe, muanze saa 2 kamili usiku. Mkianza saa 1, nusu ya ukumbi itaingia katikati ya onyesho la pili.

Waigizaji

Wanawake wanne, wanaume watatu. Mwanamke wa nne anaigiza Mama Mkubwa katika maonyesho matatu ya mwanzo, kisha mtumishi Tabby Ackroyd kuanzia la nne. Mwanamume wa tatu anabeba sauti ya Southey, mchapishaji George Smith na daktari. Charlotte alikuwa mfupi na mwenye macho mabovu, alivaa miwani. Emily alikuwa mrefu kuliko dada zake. Mkiweza kufuata urefu huo, fuateni, maana unawasaidia watu wa safu za nyuma kuwatofautisha. Msipoweza, mchague kwa sauti: Charlotte mwenye sauti kavu inayofika mbali, Anne laini lakini isiyotetemeka, Emily anayejua kunyamaza.

Anne ndiye anayeharibiwa zaidi. Vikundi humfanya mpole wa kusikitisha. Huyu ndiye aliyeandika The Tenant of Wildfell Hall, 1848, riwaya ya mke anayemkimbia mume mlevi pamoja na mwanawe. Alifanya kazi ya ualimu wa nyumbani kwa miaka mitano katika nyumba moja, kuliko dada zake walivyodumu popote. Mpeni uti wa mgongo.

Branwell naye ana mtego wake. Alikunywa pombe na kutumia afyuni. Mlevi jukwaani huchekesha, na hadhira yetu hucheka kwa sauti, hujibu, humtania kwa jina. Ruhusuni kicheko katika onyesho la nne. Kuanzia la sita kisitokee tena. Namna ya kukikata ni hii: mwigizaji aache kuyumba. Aigize mtu anayejitahidi kwa nguvu zote kuonekana mzima, anayeweka kikombe mezani polepole mno, anayejibu sekunde mbili baada ya kuulizwa. Mlevi anayejificha hana wa kumcheka.

Majina ya kigeni yakubaliwe matamshi siku ya kwanza, na wote wayatamke sawa. Watatu wakisema "Bronte" na wanne wakisema kingine, hadhira hudhani kuna familia mbili.

Mazoezi ya wiki 8

Siku 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 2 na nusu kila siku. Wiki ya kwanza ni kusoma mezani tu. Wiki ya pili na ya tatu wekeni mienendo ya maonyesho 1 hadi 5, ya nne na ya tano 6 hadi 9. Mwisho wa wiki ya tano mswada usishikwe tena mkononi. Anayesahau asaidiwe na mkumbushaji aliyekaa pembeni. Wiki ya sita unganisheni bila kusimama, hata mambo yakiharibika. Ya saba ni ya maleba (mavazi ya jukwaani), taa na sauti. Ya nane fanyeni mizunguko miwili kamili mbele ya watu wachache wasiowajua.

Zoezi moja lifanyike kila siku tangu mwanzo: kuizunguka meza. Akina dada walikuwa na desturi ya kutembea kuizunguka meza ya chakula jioni, wakisomeana na kubishana juu ya walichoandika. Waigizaji watatu watembee dakika 10, mwendo mmoja, wakizungumza bila kusimama na bila kugongana. Mwanzoni watakimbizana au watafuatana kama gwaride. Baada ya wiki mbili miguu itajipanga yenyewe, na mazungumzo yatapata pumzi. Mchezo wote unasimama juu ya mwendo huo, kwa sababu katika onyesho la tisa Charlotte anautembea peke yake, kama watumishi wa nyumba walivyosimulia baadaye. Hadhira isipouzoea wakiwa watatu, haitaliona pengo.

Mwigizaji wa Emily anahitaji msaada wa pekee kuielewa nyika ya Haworth, na asiandaliwe kwa picha za theluji. Mpelekeni Newala mwezi Juni au Julai, alfajiri, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma. Mwili wake utajua cha kufanya na shali.

Meza, askari na vitabu vidogo

Meza iwe na urefu wa sentimita 150, upana 90, kimo 75. Iwekwe mbele kidogo ya katikati, ikibaki njia ya mita 1 pande zote. Viti vinne visivyofanana. Kila dada awe na kijisanduku cha kuandikia chenye mfuniko wa mteremko, sentimita 35 kwa 25, cha plaiwudi ya milimita 6. Mfuniko usiwe na bawaba inayolia. Pakeni mafuta ya taa kidogo kabla ya kila onyesho, kwani onyesho la nne linategemea Charlotte kufungua kisanduku cha mwenzake kimyakimya.

Askari 12 wachongwe na mchongaji wa hapa hapa. Mpingo ni mzito na wa gharama, tena ukianguka jukwaani hupiga kelele. Mwembe au msufi unafaa. Kimo sentimita 18, kwani chini ya hapo safu ya nane haioni. Pakeni nyekundu kifuani tu. Ikiwa mnafikiria kutumia vinyago vya mapiko kuwapa askari uhai, simameni kwanza. Mapiko yana wenyewe, yamefungamana na jando, na wazee wa mahali hapo ndio wa kuulizwa. Kofia za karatasi zilizobandikwa kwa uji wa muhogo zinafanya kazi hiyo bila kumkwaza mtu.

Vitabu vya utotoni vya ndugu hao vilikuwa vidogo hata kuzidi kiberiti, maandishi yake yakisomeka kwa shida, na baadhi yake vilijalidiwa kwa karatasi chakavu kama za kufungia sukari. Ninyi vitengenezeni kwa karatasi ya kaki, sentimita 7 kwa 10, kurasa 16, vishonwe mgongoni kwa uzi mweupe. Tengenezeni 10, kwa maana viwili vitapotea kila ziara.

Picha ya onyesho la pili inahitaji ufundi. Branwell aliwachora dada zake akajichora na yeye katikati, kisha akajifuta kwa kuchora nguzo juu yake. Picha halisi ina urefu wa takribani sentimita 90. Ilipatikana mwaka 1914 juu ya kabati huko Ireland ikiwa imekunjwa, na sasa iko National Portrait Gallery, London. Jukwaani tandazeni kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao ya sentimita 120 kwa 100. Watu wote wanne wachorwe kwa rangi ya mafuta, iachwe siku 7 hadi 10 ikauke, kwa kuwa unyevu wa pwani huichelewesha. Nguzo ichorwe na mwigizaji mbele ya hadhira kila usiku, kwa chaki iliyosagwa na kukorogwa na maji na rangi kidogo ya udongo, brashi ya inchi 3. Baada ya onyesho inafutwa kwa kitambaa kibichi. Mkichora watu kwa rangi ya maji ya ukutani, mfuto wa kwanza utaondoka na sura ya Anne.

Maleba

Gauni za miaka ya 1840 zilikuwa na kiuno kilichobana, shingo iliyofunga, na sketi pana. Msikodi gauni za harusi zenye waya ndani: fremu za waya zilienea kuanzia 1856, wote wanne wakiwa wamekwisha kufariki. Upana wa sketi ulitokana na sketi za ndani zilizoshonewa kamba.

Kila gauni linahitaji mita 4 za pamba nyepesi yenye upana wa sentimita 150: mita 2.1 za sketi (vipande viwili vya sentimita 105), zilizobaki za bodi na mikono. Sketi ya ndani ni marekani mita 2.5, upindo wa chini ukiwa na mzunguko wa mita 2.2, na mistari mitano ya kamba ya katani ya milimita 6 ikishonewa sentimita 4 kila mmoja kutoka mwenzake, jumla mita 11 za kamba. Lowekeni kamba na marekani usiku mzima kabla ya kushona. Visipolowekwa, vitarudi kwenye mfuo wa kwanza na sketi itapinda pembeni. Msitumie poliesta. Chini ya taa, Oktoba, mwigizaji atatoka jasho hadi kitambaa kimgande, na katika onyesho la nane hilo humtoa mtu machozi kwa sababu isiyo ya mchezo.

Rangi: Charlotte kijani kilichofifia, Anne kijivu, Emily kahawia. Emily apewe mikono ya puto, iliyokuwa imepitwa na wakati. Ndivyo alivyojulikana, aliivaa ilipokwisha kuachwa na wengine. Mfungo wa nyuma uwe velkro iliyofichwa kwa vifungo vya bandia, ili nguo ibadilishwe kwa sekunde 40. Shali ni khanga nzee zilizochovywa kwenye rangi nyeusi hadi maandishi yasisomeke. Nywele zibaki zao, zigawanywe katikati na kufungwa kisogoni. Wanaume: koti refu jeusi la mitumba, kola ikigeuzwa, kitambaa cheupe shingoni.

Sauti na taa

Radi ya safari ya London (Charlotte na Anne walitembea kwenye mvua ya radi kuifuata stesheni ya Keighley) hutengenezwa kwa bati bapa la geji 30, mita 2 kwa 1, lililoning'inizwa kwa kamba mbili na kutikiswa upande wa chini. Mvua ni choroko kilo 1 ndani ya ungo, zikizungushwa polepole. Upepo wafanye waigizaji wenyewe kwa midomo, wakiwa gizani. Sauti za kurekodi kwenye simu huwa na tatizo moja: simu hupigiwa.

Taa sita za LED za wati 50 zinatosha: mbili kila upande zikiwa juu mita 3, mbili mbele. Za mbele zifunikwe kwa karatasi ya nailoni ya njano, ile ya kufungia zawadi, ili nyuso zisionekane kijivu. Iwekwe sentimita 10 mbele ya kioo, na kwa taa za LED pekee. Kwenye zile za zamani za halojeni huyeyuka na kuwaka. Mishumaa halisi ni marufuku karibu na sketi za mita mbili. Tumieni vile vya betri, ndani ya glasi iliyopakwa sabuni.

Jenereta ya kVA 2 iwe tayari hata kama umeme upo. Taa na spika havifiki wati 700, hivyo lita 5 za petroli zinavuka onyesho zima. Katika ua wa wazi, iwekeni kaskazini mwa hadhira, mita 30 mbali: upepo wa kusi ukivuma, kelele na moshi vinakwenda kwingine. Kuelekea mwisho wa Novemba upepo unapogeuka, nayo ihamishwe.

Vifo vitatu

Branwell alifariki 24 Septemba 1848, Emily 19 Desemba, Anne 28 Mei 1849 huko Scarborough, alikokwenda kutafuta hewa ya bahari. Miezi minane. Mkionyesha vitanda vitatu, hadhira itachoka kwenye cha pili na kucheka kwenye cha tatu.

Onyesheni kimoja tu, cha Emily, na hata hicho akiwa amesimama. Alikataa daktari karibu hadi saa zake za mwisho, akaendelea na shughuli za nyumba. Basi mwigizaji ajaribu kupanda ngazi tatu akiwa na karai la maji, na ngazi hizo zichukue dakika mbili nzima. Mashuka, vilio na sala viachwe. Kikohozi kiwe kifupi, kikavu, kikizuiwa kwa mdomo uliofungwa. Kinachoumiza hadhira ni juhudi ya kukizuia. Kifua kikuu kiko kwenye familia nyingi za Mtwara na Lindi, na watu wanakijua kuliko mwongozaji. Kikohozi cha kupayuka kinawatukana.

Branwell na Anne waondoke kwa viti: Tabby anakiinua kiti, anakitoa, taa ya upande huo inapungua. Kitu kingine kisifanyike. Mpito mmoja usizidi sekunde 30.

Ukimya utakaofuata hautakuwa ukimya kamili. Watu watasema "pole", mama mmoja atamwambia Charlotte aketi, mtoto atauliza kitu. Waigizaji wafunzwe kutowajibu na pia kutowasubiri wanyamaze. Wapumue, waendelee.

Safari ya London na safari ya kwenu

Onyesho la saba ndilo litakalopendwa zaidi, kwa hiyo lichezeni haraka. Wachapishaji walianza kuvumishiwa kwamba akina Bell ni mtu mmoja. Charlotte na Anne wakasafiri usiku kwa treni hadi ofisi ya George Smith kuthibitisha kwamba wako zaidi ya mmoja. Charlotte akamkabidhi barua ambayo Smith mwenyewe alimwandikia Currer Bell; Smith akauliza ameipata wapi. Acheni sekunde nne kamili kabla ya jibu. Ukumbi wote utakuwa unalijua jibu na utataka kulisema, waacheni walitamke.

Mkitoka Mtwara kwenda Lindi, barabara ni kilomita mia na ushee, Masasi karibu mara mbili yake. Fuso dogo linabeba kila kitu. Pakieni kwa mpangilio wa kinyume na wa kufunga jukwaa: viti na vifaa vya mkononi viingie kwanza, kisha meza, kisha taa na nyaya, jenereta mlangoni, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kushuka. Picha isafiri wima kati ya magodoro mawili. Maleba yaliyotoka jasho yasifungwe kwenye mfuko wa nailoni hata kwa usiku mmoja. Yatandazwe kivulini yakauke kabla ya kukunjwa, maana ukungu wa pwani hukamata marekani kwa siku mbili na madoa yake hayatoki. Fikeni saa 4 asubuhi. Kufunga jukwaa huchukua muda wa saa 3, kupima taa muda wa saa 1, mzunguko wa meza na wa ngazi peke yake dakika 30, na waigizaji wapumzike wakiwa wamekula ifikapo saa 11 jioni.